Daktari Aliyetukumbukia Ng'ombe

Huku kwetu, kwenye miinuko iliyo kati ya Molo na Turi, ukiulizwa umri wa ng'ombe wako ulikuwa unajibu, "Ngoja nimpigie Kemboi." Si kwamba hatukusoma. Mimi Rahab Wariara nilifika kidato cha nne, na kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa katibu wa kina mama kanisani. Lakini mambo ya zizini sikuyaandika, na jirani zangu hawakuyaandika, kwa sababu yote yalikuwa kichwani mwa Kemboi.

Kemboi ni mtu wa kupandisha ng'ombe. Vitabu humwita mhimilishaji. Sisi tunamwita daktari, naye huitikia. Nyuma ya pikipiki hufunga mtungi wa mbegu, mbegu za mafahali ambao hakuna hata mmoja wetu amewahi kuwaona, zikiwa zimegandishwa kwa baridi inayoshinda hata ya Molo mwezi wa saba. Ng'ombe wako akionyesha joto asubuhi, yeye hufika alasiri, anavaa glavu ndefu inayofika begani, anafanya kazi yake, kisha anakupa kadi. Kadi inatakiwa kuandikwa tarehe, jina la ng'ombe na jina la fahali. Yangu niliipigilia msumari mlangoni mwa zizi na ikakaa hapo tupu miaka mingi. Mali bila daftari hupotea bila habari, wanasema. Sisi daftari letu lilikuwa linaendesha pikipiki.

Ungekutana naye sokoni amekumbatia kabeji, umwambie tu, "Daktari, yule mwekundu wangu," naye angekujibu bila kuiweka kabeji chini: huyo ni mtoto wa yule mlinunua Rongai, babake ni Sultani, alizaa mara ya mwisho wiki ya mvua ya mawe, na usije ukampandisha na Sultani tena, hiyo ni damu moja. Alijua ng'ombe wa nyumba zaidi ya mia mbili hivyo. Wazee wawili waliwahi kugombania mtamba aliyeruka ua, na chifu hakuita mashahidi, alimwita Kemboi. Akamtazama mtamba, akamtaja mama yake na nyanya yake, kesi ikaisha.

Tulipomzika mume wangu, Njuguna, Kemboi alipanga foleni na watu wengine kunipa mkono. Wote waliniambia pole. Yeye aliniambia pole, kisha akainama akanong'ona, "Mathe, Karembo atazaa Alhamisi. Wacha mtu huko kwa boma." Siku hiyo nilikuwa nimesahau kama nina ng'ombe. Karembo alizaa Alhamisi, ndama akiwa ametanguliza miguu ya nyuma, na kama hapangekuwa na mtu zizini ningewapoteza wote wawili. Tangu hapo nilimpenda mtu huyo kama ndugu yangu. Nasema hivyo ili ijulikane ni nani niliyemtendea haya ninayoyaeleza.

Mwaka wa 2021, mwezi wa saba, Kemboi alipotea. Mkewe Cherop, tunayemwita Mama Kimberly kwa jina la binti yao anayesoma Njoro, alituambia ameenda Kericho kumsaidia ndugu yake kujenga. Alirudi mwezi wa kumi amekonda, shati likimning'inia.

"Daktari, huyo ndugu yako hakuwa anakupikia?" nilimtania.

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakaa muda mrefu kuliko kicheko.

Baada ya hapo nilianza kuona vitu vidogo vidogo. Alikuja siku moja bila glavu, akarudi kuzichukua, akaja tena na glavu bila mtungi. Alimwita Karembo kwa jina la ng'ombe wa jirani. Alikuwa anazungumza halafu neno linamkimbia, anasimama mdomo wazi akizungusha vidole hewani: "Nipatie hiyo kitu... hiyo ya... hiyo ya kuoshea." Alitaka sabuni. Macho yalikuwa mekundu kama ya mtu asiyelala. Na kila mara alikuwa akitafuna tangawizi mbichi, kipande baada ya kipande, hadi harufu yake ilimtangulia langoni. Huku kwetu tunajua mwanamume anayetafuna tangawizi tangu asubuhi anaficha nini. Au angalau mimi nilijua, kwa sababu Njuguna wangu aliitafuna miaka minane.

Hata hivyo nilinyamaza. Mwezi wa kwanza mwaka uliofuata alimpandisha Karembo, na mwezi wa tatu akaja kumpima. Nilishika mkia mwenyewe. Aliingiza mkono, akafumba macho kama kawaida yake, akasema, "Ameshika, mathe. Iko sawa kabisa." Nilifurahi, nikampa chai, akaenda zake. Kadi ilikuwa pale mlangoni, futi mbili kutoka begani mwangu, na kalamu ilikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu. Sikuandika.

Mwezi wa tano dada yangu alifanyiwa upasuaji Nakuru, nikaenda kumuuguza kwa wiki nzima. Nyumbani nilimwacha Oduor, mfanyakazi wangu, mtu mzima mwenye bidii aliyekuwa amekaa kwangu kama wiki sita tu. Nilimweleza chakula cha ng'ombe, nikamweleza kuku, nikamweleza mahali pa funguo. Kwamba Karembo alikuwa na mimba ya miezi minne sikumwambia. Nilidhani kila mtu anajua, na kwangu mimi kila mtu maana yake ilikuwa Kemboi.

Sasa, kuna ng'ombe ambao hata wakiwa na mimba huonyesha joto siku moja mbili, wanapanda wenzao na kupiga kelele. Si wengi, lakini wapo. Karembo alifanya hivyo siku ya Jumanne. Oduor, mtu mwaminifu, alifanya kile ambacho mfanyakazi yeyote mwaminifu angefanya. Alimpigia daktari.

Niliporudi Ijumaa alinipokea kwa furaha. "Mathe, kila kitu iko poa. Hata Karembo alikuwa na joto, daktari alikuja akampandisha."

Nilikalia ndoo. Mtu asiyefuga ataniuliza shida iko wapi. Ng'ombe akishika mimba, mlango wa uzazi hujifunga, na kile chuma cha kupandishia kikilazimishwa kupita hapo kinaufungua. Mimba hutoka, kila mfugaji anajua. Nilimpigia Kemboi papo hapo.

"Daktari, ulimpandisha Karembo Jumanne?"

"Ndio, mathe. Alikuwa na joto kabisa."

"Si wewe uliniambia ana mimba?"

Nilisikia ng'ombe wa mtu mwingine akilia nyuma yake.

"Mimi?" akasema. "Mimi nilisema hivyo?"

Nilikata simu. Kama angesema nimekosea, nadhani ningemsamehe kabla ya jua kutua. Lakini alikana, hivyo ndivyo nilivyosikia. Mtu aliyesema kwa mdomo wake, mkono wake ukiwa ndani ya ng'ombe wangu, ananiuliza kama ni yeye aliyesema.

Siku ya kumi, asubuhi, nilimkuta Karembo amesimama pembeni na kile kitu kikiwa kwenye nyasi nyuma yake. Kilikuwa kidogo kama paka. Hakikuwa na manyoya bado lakini kwato zilikuwa zimeshaanza, laini na nyeupe, nne. Karembo alikuwa akikilamba. Nilimwacha akilambe mpaka achoke, kisha Oduor akachimba shimo nyuma ya viazi tukakizika. Oduor alilia kidogo, akasema ni kosa lake. Nilimwambia si lake, na hilo ndilo jambo la haki pekee nililolisema siku hiyo.

Kwa maana nilibeba mkebe wangu wa maziwa nikaenda kituoni. Kituo chetu cha maziwa ni kibanda cha mabati kando ya barabara, na saa moja asubuhi watu wote wenye ng'ombe wako hapo. Hiram, karani anayepima maziwa, aliniona uso ulivyo akaniuliza kuna nini. Nikasema kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa foleni.

"Daktari Kemboi amekuwa mlevi. Amenitupia ndama wa Karembo, na nikimuuliza ananikana. Ile tangawizi mnamwona akitafuna mnafikiri ni ya homa? Mimi nimeolewa na mlevi, ninajua tangawizi ni ya nini. Anayetaka ng'ombe wake waharibiwe amwite."

"Mama Muiruri, ulimwona akikunywa?" Hiram aliuliza, akiniita kwa jina la mwanangu.

"Ndama wangu yuko kwa shimo. Unataka nione nini tena?"

Hilo halikuwa jibu, na Hiram alijua, na mimi nilijua. Sikusema kwamba kadi yangu ilikuwa tupu. Sikusema kwamba Oduor hakuambiwa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nimeyafundisha hayo watoto wa wenzangu kwenye shule ya Jumapili, lakini asubuhi ile nilikuwa na hasira na watu walikuwa wananisikiliza, na hivyo viwili vikikutana ndani yangu sijawahi kuvishinda. Kufikia jioni maneno yalikuwa yamefika Turi. Wiki iliyofuata kulikuwa na kijana kutoka Elburgon akipita na mtungi wake, na pikipiki ya Kemboi haikusikika tena.

Cherop alikuja kwangu mwezi wa nane, alasiri, nikiwa ninapalilia. Nilipomwona langoni nilishika jembe vizuri, maana nilitarajia vita na kwa kweli nilivihitaji. Hakuja kupigana. Alisimama kwenye matuta akaniuliza kwa upole, "Mama Muiruri, wewe uliona bwana yangu akikunywa?"

"Hapana," nikasema.

"Na hajawahi kukunywa. Hata busaa ya sherehe. Sasa wacha nikwambie ile kitu yeye alinikataza nisiwaambie."

Tukaketi pale kwenye magugu. Kemboi hakwenda Kericho. Mwezi ule wa saba alishikwa na korona, ile ya mwaka huo iliyokuwa ikiua watu wenye nguvu zao, akalazwa Nakuru siku kumi na tisa na mpira wa hewa puani. Mara mbili Cherop aliambiwa aite jamaa. Alipopata fahamu, jambo la kwanza alilomwambia mkewe ni kwamba watu wasijue. Mtu anayeingia kila boma, kila siku, mikono yake kwa ng'ombe na miguu yake jikoni mwenu mkimpa chai. Nani angemfungulia lango? Mnakumbuka tulivyokuwa wakati huo. Nyumba yenye mgonjwa watu walikuwa wanaipita wamegeuza shingo. Kwa hiyo walidanganya, na sisi tukaamini kwa sababu uongo wenyewe ulikuwa wa kawaida.

"Aliporudi, mwili ulirudi," Cherop aliniambia. "Kichwa ndio haikurudi yote. Anaenda kwa pikipiki, anafika pale njia panda, anasimama. Hajui aliitwa boma gani. Ananipigia: Mama Kimberly, niko wapi? Mimi namuuliza, unaona nini? Ananiambia, naona barabara."

Nilimuuliza kuhusu tangawizi, nikiwa tayari nimeanza kuona aibu.

"Pua ilikufa, Mama Muiruri. Hasikii harufu ya kitu. Hata chai ni maji moto tu. Na yeye alikuwa anajua ng'ombe mgonjwa kwa kunusa. Mtu alimwambia tangawizi mbichi huamsha pua, akaanza kutafuna. Mpaka ulimi ikatoka vidonda."

Walikuwa wamerudi hospitalini Nakuru. Daktari wa huko aliwaambia ukweli kama alivyoujua: kwamba virusi hivyo havikai mapafuni tu, kwamba baadhi ya watu waliougua sana hubaki na ukungu kichwani, wanasahau, wanapoteza maneno, wanachoka kwa kufikiri kama mtu anavyochoka kwa kubeba magunia. Kwa nini hasa, na kwa nini huyu na si yule, bado wataalamu wanatafuta. Dawa hakuna. Wengine hupona polepole, mwaka, miaka miwili, wengine hawaponi kabisa, hakuweza kuwaahidi. Aliwashauri Kemboi aandike kila kitu, apumzike, afanye jambo moja kwa wakati mmoja, na zaidi ya yote asiache kazi anayoijua, kwa sababu kichwa kisichotumika hakina sababu ya kurudi.

"Na sasa haitwi," Cherop alisema. "Tangu mwezi wa tano. Anakaa kwa kiti mlangoni akiangalia barabara. Juzi alisahau jina la mama yake aliyemzaa. Sikuja kukulaumu. Nilikuja unisaidie kufikiri."

Alikuwa na haki ya kunilaumu na hakuitumia, na hilo liliniumiza kuliko kama angenipiga kofi. Nililia mbele yake. Yeye hakulia, nadhani alikuwa amemaliza.

Kesho yake nilikwenda nyumbani kwao. Kemboi alikuwa kwenye kile kiti. Tukaingia jikoni, Cherop akachemsha chai, na mimi nikasema yote: kituo, tangawizi, mlevi, kadi tupu, Oduor. Nikamwomba msamaha. Alinisikiliza akitabasamu kwa adabu kama mtu anayesikiliza habari za jirani.

"Iko sawa, mathe," alisema. "Watu husema. Si umekuja? Kunywa chai."

Nilipomuuliza ilikuwaje mkono wake usihisi ile mimba, mkono uliokuwa umepima maelfu, aliweka kikombe chini. "Nilikuwa nahesabu hatua," akasema. "Glavu, mrija, maji moto, bunduki ya mbegu. Hizo nilikuwa nazisema kwa kichwa ndio nisizisahau. Mkono labda ulijua. Mimi sikuwa na nafasi ya kuusikia."

Nilitoka pale nimefarijika, nakiri. Nikaona kilichobaki ni kwenda kituoni kusema ukweli pale pale niliposemea uongo, na mambo yatarudi. Nilikuwa sijui bado kwamba ukweli nao una namna yake ya kuharibu. Nilisimama kwenye foleni nikawaambia watu Kemboi si mlevi, hajawahi kuwa, nilimsingizia. Nikaeleza ugonjwa, nikaeleza alivyosema daktari wa Nakuru, nikaeleza na kadi yangu. Watu walinisikiliza. Kisha mzee Jamleck, mwenye ng'ombe wengi kuliko sisi sote, akasema pole pole, bila ubaya wowote.

"Sasa hiyo si ni mbaya zaidi, Mama Muiruri? Mlevi akilala anaamka sawa. Huyu ataamka lini?"

Nilikuwa nimemwondolea mtu aibu moja na kumvika nyingine, na hii ya pili haikuwa na jinsi ya kufutwa kwa kuomba radhi.

Nilirudi nyumbani nikang'oa ile kadi ya zamani, nikanunua mpya, nikaandika yote niliyoyajua kuhusu Karembo kwa herufi kubwa. Yale ambayo sikuyajua niliacha nafasi. Mwezi wa tisa Karembo alipoonyesha joto nilimpigia Kemboi. Cherop alikuja naye, amekaa nyuma ya pikipiki ameukumbatia mtungi. Nilimsomea kadi kwa sauti, neno kwa neno, naye akarudia nyuma yangu. Kisha nikamsomea hatua, moja baada ya nyingine, ili kichwa chake kisilazimike kuzibeba, na mkono wake ukafanya kazi kama zamani. Ilichukua saa nzima kitu ambacho zamani kilichukua dakika kumi. Alipomaliza shati lilikuwa limelowa jasho, na ilikuwa siku ya baridi.

Nilianza kupita nyumba hadi nyumba na kadi. Nilibembeleza, niligombana, nilitumia ule ulimi wangu kwa kazi nzuri mara moja maishani. Hiram alikubali. Nyumba nyingine mbili zikakubali, halafu nne. Sharti lilikuwa moja: hagusi ng'ombe kabla kadi haijasomwa, mwenye ng'ombe akiwepo. Mzee Jamleck hadi leo hajakubali, na simlaumu.

Mwezi wa kumi na mbili Kemboi alikuja kumpima Karembo. Alikuja peke yake. Nilisoma kadi, akarudia. Akaingiza mkono, akafumba macho, na safari hii nilimwona anausikiliza.

"Ameshika," akasema. "Miezi mitatu. Andika, mathe, kabla nitoe mkono."

Niliandika. Alienda kwenye ndoo akaanza kujiosha, na akiwa ameinama pale akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mathe, wewe huwa unajua watu wa kituo. Kuna mtu alienda pale akasema mimi ni mlevi. Hiyo kitu iliniharibia kazi miezi mingi. Mama Kimberly namuuliza ni nani, anasema tuliimaliza, lakini jina hasemi. Ni nani?"

Nilielewa mara moja. Ile alasiri ya jikoni, chai, kuungama kwangu, "iko sawa, mathe," yote yalikuwa yamemwagika kichwani mwake. Na nitasema lililonipitia, maana nimeamua kusema yote: niliona njia ya kutoka. Nilikuwa nimeshaungama mara moja. Mungu alisikia, Cherop alisikia. Ningesema sijui, naye angepanda pikipiki yake tukabaki marafiki hadi kaburini.

"Ni mimi," nikasema.

Aliacha kujiosha. Maji yalimchuruzika kwenye kiwiko.

"Wewe?"

"Mimi. Nilikuja kwako mwezi wa nane nikakuomba msamaha. Ulinisamehe. Mama Kimberly alikuwa hapo."

"Nilisema aje?"

"Ulisema iko sawa, watu husema."

Alijifuta mkono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akinitazama. Macho hayakuwa mekundu tena. Yalikuwa yale macho yake ya zamani, yaliyoweza kumtambua ng'ombe kwa nyanya yake.

"Wakati huo sikuwa najua nimepoteza nini," alisema. "Mtu anaweza samehe kitu hajui. Saa hii najua. Nilikaa kwa kile kiti miezi tatu, mathe. Mimi nilikuwa nafikiri watu wameniacha juu ya ugonjwa. Kumbe ni wewe, na mimi nilikuja mazishi ya mzee wako." Akafunga mtungi kwenye pikipiki, akajaribu kamba mara mbili. "Ile msamaha ya siku hiyo siikumbuki. Na ya leo sina."

"Nimesikia, daktari," nikasema.

"Karembo ako sawa. Usimpatie kazi ya kutembea sana."

Hakunywa chai. Nilifunga lango nyuma yake, na pikipiki ilipokuwa inashuka bonde nilijikuta ninaomba, kwa maneno kabisa, asahau. Afike barabara ya lami awe amesahau kama alivyosahau mara ya kwanza. Nilipojisikia ninachoomba nilishika lango kwa mikono miwili. Mtu niliyesema nampenda kama ndugu, nilikuwa namwombea ugonjwa.

Amekuja mara mbili tangu wakati huo, kwa ng'ombe wangu wengine. Anasoma kadi, anafanya kazi, ananisalimia kama anavyosalimiwa mtu wa foleni. Chai hagusi. Mara ya kwanza sikujua kama anakumbuka au amechoka tu, na sikuthubutu kuuliza.

Jumatatu iliyopita Cherop alinipigia simu akiwa Nakuru, nje ya hospitali. Sauti yake ilikuwa juu, sijawahi kumsikia hivyo. Daktari alikuwa amemuuliza Kemboi maswali, kama anavyomuuliza kila wanapoenda: leo ni siku gani, umekula nini, nitajie jambo moja lililotokea wiki chache zilizopita. Hilo la mwisho Kemboi alikuwa hajawahi kuliweza tangu augue.

"Leo ameweza, Mama Muiruri," Cherop alisema. "Amelieleza lote, na siku, na mahali, hata ile ndoo. Wiki sita na hajasahau. Daktari amesema hiyo ni dalili kubwa."

Kisha sauti yake ikashuka, nadhani alikumbuka anazungumza na nani.

Nilimwambia hiyo ni habari njema, na ilikuwa habari njema.